Herufi Nono na Tarehe Iliyopotea

  Mwaka huu sitakuandikia kisa cha sungura na fisi, wala sitakufafanulia methali. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho unakitazama wakati huu huu bila kukiona, nacho ni sura ya herufi. Nitaanza kwa kukiri kosa, maana kosa lenyewe ni langu na wenzangu wote katika Chama wanalijua.

Muhula wa pili tulikuwa na Siku ya Kiswahili, na kamati ilinipa mimi kazi ya kutengeneza bango. Basi nikaingia maabara ya kompyuta, nikapekuapekua orodha ya herufi mpaka nikaipata moja iliyonikosha roho. Ilikuwa nono, nyeusi ti, imesimama wima kama askari wa gwaride. Nikaandika kila kitu kwa herufi hiyo hiyo: jina la sherehe, mahali, saa na tarehe. Bango lilipobandikwa kwenye ukuta wa bwalo, wanafunzi walisimama kulitazama hata chai ikapoa. Mwenyekiti wetu akanipiga bega, "Hapo umeweza!" Nami kichwa kikavimba.

Baadaye tukataka kuwaalika wazazi. Pesa za Chama zilikuwa haba, kwa hivyo tukalipunguza bango lile lile mpaka vipande vinne vikaenea katika karatasi moja ya A4. Tukapiga fotokopi, tukakata kwa makasi, na kila mmoja wetu akabeba kipande chake kwenda nacho nyumbani wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula. Mimi cha kwangu nilimwachia nyanya. Sherehe ilikuwa tarehe 14 Juni.

Tarehe 11, siku tatu kabla ya sherehe, niliitwa langoni. Nyanya alikuwa ameketi kwenye benchi la bawabu, amejifunga kanga yake ya kutokea, na kikapu cha ndizi mbivu miguuni pake.

"Mama, leo hakuna sherehe hapa," bawabu alikuwa akimwambia kwa adabu.

"Mwanangu, mimi nilisoma," nyanya akamjibu. "Hebu soma na wewe. Si hapa pameandikwa kumi na moja?"

Nilikichukua kile kipande cha karatasi. Ama kweli, palikuwa pameandikwa 11. Tarakimu 4 niliyoiandika mimi mwenyewe ilikuwa imepoteza mkono na mshipi, ikabaki nguzo moja nyeusi, sawasawa na 1 iliyosimama kando yake. Nasi hatukuandika hata jina la siku, ambalo lingemsaidia msomaji kung'amua. Wazazi wengine walikuwa wamepiga simu kuuliza. Nyanya yangu hakuuliza. Aliliamini neno lililoandikwa na mjukuu wake, akapanda matatu mbili akaja, na nauli ya kurudi tena siku ya tatu hakuwa nayo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu alikuwa mimi.

Tangu hapo nilitaka kujua ile 4 ilienda wapi. Nilisoma vitabu vya maktaba na kuuliza maswali, na niliyoyapata ndiyo haya.

HERUFI NONO NI NINI?

Chukua herufi O ya aina hii. Mbavu zake mbili zimenenepa kama ndizi mbili zilizotazamana, lakini juu na chini zimeshikanishwa na uzi tu. Tazama H. Ina nguzo mbili nene, na katikati umepita mstari mwembamba kama utando wa buibui. Chini na juu ya kila nguzo kuna kistari kilicholala, mfano wa kiatu. Wachapaji hukiita kistari hicho serifi. Katika herufi nyingine kiatu hicho huwa kizito, lakini katika hizi nono nacho pia ni chembamba kama unywele.

Kwa hivyo sifa za herufi hizi ni tatu. Ya kwanza ni unene wa nguzo, ambao unaweza kukaribia nusu ya urefu wa herufi. Ya pili ni wembamba wa mistari inayoziunganisha nguzo hizo. Ya tatu ni kwamba unene hugeuka wembamba ghafla, bila kupunguka polepole. Macho hupenda mshtuko huo. Weusi na weupe hupigana mieleka mbele yako, na hata kama una haraka utageuza shingo.

Kwa Kiingereza zilipewa jina la utani, fat face, yaani sura nono. Ukoo wao mzima, pamoja na ndugu zao wasionenepa sana, huitwa Didone. Jina hilo lilibuniwa na Mfaransa Maximilien Vox mwaka 1954 kwa kuunga majina ya mabingwa wawili, Didot na Bodoni. Hao tutakutana nao hivi punde.

Herufi hizi ni za vichwa na mabango, si za kusomea kitabu. Wazee wetu wana msemo kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Herufi nono ni pembe hiyo ya mgambo. Ikilia, kila mtu hutoka nje kusikiliza. Lakini ni nani aliyewahi kusimulia hadithi nzima kwa kupuliza pembe? Mimi nilijaribu, na matokeo umeyasikia.

UNENE HUO ULITOKA WAPI?

Ulitoka katika kalamu. Kabla ya mashine za kupiga chapa, herufi ziliandikwa kwa mkono, na kalamu yenyewe ndiyo iliyoamua mstari upi uwe mnene na upi uwe mwembamba. Wazee wa Lamu na Pate walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu walitumia kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha pana. Ukiivuta upande mmoja inatoa mstari mpana, ukiivuta upande mwingine inatoa mwembamba. Waandishi wa Ulaya nao walichonga unyoya wa bata bukini kwa namna iyo hiyo.

Baadaye Wazungu wakapenda kalamu ya ncha kali inayopanuka ikikandamizwa. Kalamu ya namna hii haijali upande, inajali nguvu ya mkono. Ukishuka nayo unakandamiza, mstari unanenepa. Ukipanda nayo unalegeza, mstari unakuwa kama unywele. Ndiyo sababu katika herufi tunazozizungumzia nguzo zinazoshuka ni nene na viungo vyake ni vyembamba.

Mtu aliyeleta mwandiko huo karibu na matbaa alikuwa Mwingereza John Baskerville wa mji wa Birmingham, aliyezaliwa mwaka 1706. Alikuwa mwalimu wa kuandika na mchonga herufi za mawe ya makaburi, kisha akatajirika kwa biashara ya vyombo vilivyopakwa vanishi. Utajiri huo aliutia katika uchapaji, na kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka mwaka 1757. Baskerville aligundua jambo moja kubwa, kwamba mstari mwembamba hauwezi kuishi katika karatasi mbovu. Karatasi ya siku zile ilikuwa na mikwaruzo, na wino ulikuwa wa kijivujivu. Akatafuta karatasi laini, akatengeneza wino mweusi zaidi, na akawa anaibana karatasi iliyokwisha kupigwa chapa baina ya mabamba ya shaba yaliyopashwa moto ili ing'are.

Kumbuka neno hilo la karatasi, msomaji, maana tutalirudia.

Kama ilivyo kawaida ya binadamu, wako waliolalamika. Walisema herufi za Baskerville ni nyembamba mno na zitawapofusha Waingereza. Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia Baskerville kisa kimoja kwenye mwaka 1760. Bwana mmoja alimlalamikia kwamba herufi hizo humuumiza macho. Franklin akamletea karatasi ya herufi za mtu mwingine kabisa, William Caslon, huku akijifanya ni za Baskerville. Yule bwana akazitazama, akaonyesha ubaya wake mmoja mmoja, na akasema macho yameanza kumuuma! Kisa hiki kinachekesha, lakini kinafundisha pia. Mara nyingi mtu huona kile alichotarajia kuona. Mimi mwenyewe nilivisoma vile vipande vya mwaliko na sikuona kasoro yoyote. Nilijua tarehe ni 14, kwa hivyo nilisoma nilichokijua, si kilichoandikwa.

Tuendelee. Waliozipeleka herufi hizi mbele walikuwa wawili. Huko Paris, Firmin Didot wa ukoo mashuhuri wa wachapaji alichonga kwenye mwaka 1784 herufi zenye nguzo wima kabisa na serifi nyembamba kama unywele. Huko Italia, Giambattista Bodoni, aliyezaliwa Saluzzo mwaka 1740, alikuwa msimamizi wa matbaa ya mtawala wa Parma tangu mwaka 1768. Bodoni alipenda kurasa zenye nafasi nyeupe tele na herufi chache zinazong'aa. Alifariki mwaka 1813, na ni mjane wake, Margherita, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha sampuli za herufi na kukitoa mwaka 1818. Hebu fikiria, bila mama huyo pengine leo tusingelijua jina la Bodoni kama tunavyolijua.

Lakini herufi za Didot na Bodoni zilikuwa bado za kiungwana, zinanong'ona vitabuni. Nani alizifundisha kupiga kelele?

BAHATI NASIBU YA LONDON

Kelele zilianza London mwanzoni mwa karne ya 19. Viwanda vilikuwa vimefunguliwa, bidhaa ni nyingi, na kila mfanyabiashara anataka kuonekana kuliko jirani yake. Kuta za mji zikajaa mabango ya michezo ya kuigiza, ya magari ya farasi, ya dawa na ya minada. Herufi za vitabuni, hata zikikuzwa, hazikutosha. Ukutani zilionekana kama watu wembamba waliosimama kwenye mvua.

Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa herufi nono ni Robert Thorne, aliyekuwa na kiwanda cha kusubu herufi jijini London. Thorne alichukua mtindo ule wa nguzo nene na viungo vyembamba, akazinenepesha nguzo pasipo huruma huku akiviacha viungo vile vile vilivyo. Matokeo yake yalikuwa herufi inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mteja mmoja mkubwa wa mabango hayo alikuwa bahati nasibu ya serikali ya Uingereza. Wauzaji wa tikiti walishindana kubandika karatasi zenye herufi na tarakimu nene za kuwatia watu tamaa. Na hapa pana kichekesho cha historia. Thorne alipofariki mwaka 1820, kiwanda chake kiliuzwa, na aliyekinunua alikuwa William Thorowgood, mtu ambaye hakuwa fundi wa herufi hata kidogo. Pesa alizipata wapi? Alikuwa ameshinda bahati nasibu! Bahati nasibu hiyo ilifungwa mwaka 1826, lakini herufi zilizoitangaza zikabaki.

Si kila mtu alifurahi. Thomas Curson Hansard, mpiga chapa wa London, alizikejeli herufi nono katika kitabu chake Typographia cha mwaka 1825. Aliona zimevuka mipaka ya uzuri na ya akili. Jina la Hansard si geni kwako. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge letu la Kenya huitwa Hansard mpaka leo, na asili yake ni mpiga chapa huyo huyo, aliyekuwa akichapisha mijadala ya Bunge la Uingereza. Bila shaka mtu wa kazi kama hiyo, ya maneno maelfu kwa maelfu katika herufi ndogo, asingependa herufi inayokula ukurasa mzima kwa maneno matatu.

Mabango yalipozidi kuwa makubwa, risasi ikawa taabu. Herufi kubwa ya risasi ni nzito, ni ghali, na ikianguka inaharibika. Mmarekani Darius Wells wa New York akapata dawa yake. Mwaka 1827 alitumia mashine ya kuchimbia mbao kuchonga herufi kubwa za mti, na mwaka uliofuata akatoa orodha yake ya kwanza ya kuuzia. Herufi za mti zilikuwa nyepesi na rahisi, na zikaenea mno Marekani.

Mitindo huja na kwenda. Herufi nono zilichujuka, halafu zikarudi. Mwaka 1928 Morris Fuller Benton wa kampuni ya American Type Founders alitengeneza Ultra Bodoni, na mwaka 1929 Chauncey Griffith wa kampuni ya Linotype akatoa Poster Bodoni. Karibu na siku zetu, mwaka 2011, Veronika Burian na José Scaglione wa TypeTogether walitoa Abril Fatface, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure katika kompyuta yake. Ndugu zao wembamba zaidi wako kwenye majarida ya mitindo ya mavazi. Majina ya Vogue na Harper's Bazaar kwenye majalada yao ni ya ukoo huu wa Didot na Bodoni.

KWA NINI 4 ILIGEUKA 1?

Sasa turudi kwenye kosa langu. Tupige hesabu ndogo.

Tuseme nguzo ya herufi kwenye bango ina unene wa milimita 8, na mstari wake wa unywele una milimita 0.4. Yaani mmoja ni mara 20 ya mwingine. Ukutani hakuna tatizo, milimita 0.4 inaonekana. Sasa ipunguze herufi hiyo mpaka nguzo iwe milimita 1. Ule mstari mwembamba utakuwa milimita 0.05, ambao ni wembamba wa unywele kweli kweli, si wa mfano! Printa ya leza ya kawaida, ile ya nukta 600 kwa inchi, ina nukta za takriban milimita 0.04. Kwa hivyo mstari mzima unashikiliwa na safu moja tu ya nukta za wino wa unga. Fotokopi ya kwanza inaudhoofisha. Fotokopi ya fotokopi inauzika. Na karatasi yetu ilikuwa ile ya bei rahisi. Nilikwambia ukumbuke neno karatasi. Baskerville aliyajua haya zaidi ya miaka 250 kabla yangu.

Tarakimu 4 katika herufi hizi ina nguzo moja nene iliyosimama, na mistari miwili myembamba, mmoja wa mshazari na mmoja uliolala. Ukiiondoa hiyo miwili inabaki nguzo. Tarakimu 1 nayo ni nguzo yenye kidole chembamba juu. Ukikiondoa kidole inabaki nguzo. Basi 14 na 11 zikawa mapacha.

Utauliza, je, wazee wa zamani waliwezaje? Mbona Bodoni alipiga chapa vitabu vyenye herufi ndogo na vikasomeka? Jibu liko katika namna walivyofanya kazi. Zamani mchongaji alichonga kila herufi kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Chuma hicho kiligongwa kwenye shaba kutengeneza kalibu, na kalibu ikamiminiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Kila ukubwa wa herufi ulichongwa upya tangu mwanzo. Kwa hivyo alipochonga herufi ndogo, fundi aliinenepesha mistari myembamba kidogo na kuiacha nafasi zaidi, ili isife. Ndiyo maana kitabu cha Bodoni kina zaidi ya alfabeti 100 za Kirumi. Nyingi zinafanana sana, lakini kila moja imepimwa kwa ukubwa wake.

Kompyuta haifanyi hivyo yenyewe. Mara nyingi ina mchoro mmoja tu, nayo huukuza na kuupunguza kama picha. Ukimpunguza mtu mzima mpaka awe na kimo cha mtoto hupati mtoto, unapata mtu mzima mdogo asiyeweza kubeba lolote. Mafundi wa leo wanaojali hulijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jonathan Hoefler alipochora herufi za Didot kwa ajili ya Harper's Bazaar, alichora matoleo 7 kwa ukubwa mbalimbali, ili mstari wa unywele ubaki mwembamba panapofaa na uongezwe nguvu panapohitajika. Aliyerudia kazi mara 7 hakuwa mjinga.

NA KISWAHILI CHETU JE?

Hebu fanya jaribio hili. Andika neno WANANCHI kwa herufi kubwa nono, halafu futa mistari yote myembamba. W itabaki na mishazari miwili. A itapoteza mguu wa kushoto na mshipi, ibaki mshazari mmoja. N, tofauti na unavyodhani, ina nguzo nyembamba na mshazari mnene, nayo itabaki mshazari mmoja. A tena, N tena. Yaani WANAN yote itageuka mishazari sita iliyolalia upande mmoja, kama ua lililosukumwa na ng'ombe. Lugha yetu imejaa A na N, kwa hivyo sisi tunaumia haraka.

Pia maneno yetu ni marefu, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mzigo wa sentensi nzima. "Tunawakaribisha" lina herufi 15. Ukiliandika kwa herufi nono, ambazo ni pana, ama litatoka nje ya bango ama utalibana mpaka lisisomeke. Lakini "Karibuni" lina herufi 8 tu, na maana ni ile ile. Kwa hivyo anayetengeneza bango la Kiswahili achague neno kwanza, herufi baadaye.

Wauzaji wa kanga walilijua jambo hili zamani. Jina la kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa zilizo wazi, zenye unene uliokaribiana kila upande. Lazima lisomeke mvaaji akiwa anatembea, kitambaa kikiwa kimekunjika na rangi ikiwa imefuliwa mara mia. Nyanya alikuwa amevaa somo hilo mwilini siku ile aliyokaa langoni, nami sikuliona.

Kwa faida ya watakaochukua nafasi yetu katika kamati, nawaachia mashauri machache:

1. Tumia herufi nono kwa maneno machache, neno moja hadi matano, na uyape ukubwa wa kutosha.

2. Tarehe, saa, mahali na nambari ya simu ziandike kwa herufi ya kawaida yenye mistari inayolingana. Hapo si mahali pa madoido.

3. Andika jina la siku pamoja na tarehe. Moja ikipotea, nyingine itasema ukweli.

4. Ukitaka kulipunguza bango, usilipunguze tu. Litengeneze upya kwa ukubwa mpya, kama wachongaji wa zamani.

5. Usibonyeze kitufe cha kukoleza herufi ambayo tayari ni nono. Mtu aliyeshiba usimlishe kwa nguvu.

6. Acha nafasi nyeupe pembeni. Weusi hauonekani pasipo weupe.

7. Kabla ya kusambaza, piga fotokopi ya fotokopi, kisha mpe mtu asiyejua habari hiyo akusomee kwa sauti. Usijisomee mwenyewe.

Sisemi herufi nono ni mbaya, la hasha! Kichwa cha makala hii nimemwomba mhariri akiweke kwa herufi hiyo hiyo, kwa sababu pale ni mahali pake. Bango letu la bwaloni lilikuwa zuri na bado naliona fahari. Ubaya ulikuwa kuipa kazi isiyo yake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na nyanya je? Siku ile mwalimu mlezi wa Chama alinipa ruhusa ya nusu saa. Tulikaa chini ya mti ulio karibu na lango, nikamghania shairi langu lote, beti zote kumi na mbili, hadhira ikiwa yeye na bawabu. Alipiga makofi. Kisha akakichukua kile kipande cha karatasi, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu," akasema, "herufi zako upande mmoja zimeshiba, upande mwingine zina njaa."

Nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Tarehe 14, niliposimama jukwaani mbele ya wageni, kiti nilichomwekea mbele kilikuwa kitupu. Kipande kile bado ninacho, nimekibandika ndani ya jalada la daftari langu la Kiswahili. Kila ninapopewa bango la kutengeneza, nakifungua kwanza nikakisoma: tarehe 11 Juni.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne.